Tangi la Bahari la Alwin

Umewahi kupewa zawadi kubwa kuliko mlango wa nyumba yako? Sisi tulipewa, mimi na mume wangu Alwin, na waliotupa walikuwa watu wa kushukuriwa mpaka kesho. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Zawadi ya mtu mbaya unaikataa, ukaenda kulala usingizi wako. Ya mtu mwema utaikataaje?

Alwin alichimba makaa ya mawe hapa mjini kwetu Herne tangu ujana wake, na vumbi la mawe lilibaki mapafuni mwake hata baada ya mgodi kufungwa. Alipostaafu akafuga njiwa wa mashindano, kama nusu ya wanaume wa mtaa wetu. Alfajiri nilimsikia juu ya dari akizungumza nao, mara anawasifu, mara anawagombeza. Kisha daktari akasema vumbi la manyoya litammaliza, njiwa waondoke. Wakaja kuchukuliwa na mfugaji wa mji wa jirani, kwenye vikapu, na Alwin akawashikia watu mlango.

Tangu siku hiyo alilala mpaka nimwite. Akinywa kahawa anauliza, "Friedel, leo siku gani?" Si kwamba alisahau. Siku zilikuwa zimefanana. Niliogopa, nikimwangalia pale dirishani na blanketi lake magotini, kwamba mtu anaweza kuondoka duniani hivi hivi, taratibu, kwa kukosa cha kumwamsha.

Mungu hamtupi mja wake. Mimi alinipa jirani.

Nurettin anakaa upande wa pili wa ukuta wetu. Alikuja kutoka Zonguldak, mji wa migodi wa nchi ya mbali, akiwa kijana, hajui neno hata moja la lugha yetu, na Alwin ndiye aliyemfundisha la kwanza mgodini. Neno lenyewe lilikuwa "inama." Sasa Nurettin ni mwenyekiti wa chama cha wafuga samaki wa mtaani, wanaokutana Ijumaa kwenye chumba cha nyuma cha baa, wenzake wanakunywa bia, yeye juisi ya tufaha. Ijumaa moja akamchukua Alwin, wakapitia kwanza nyumbani kwake kutazama tangi lake la maji ya chumvi, lenye matumbawe.

Alwin alirudi kofia ikiwa bado kichwani, akasimama katikati ya jiko langu.

"Friedel," akasema, "kuna maua yanakula."

"Yanakula nini?"

"Kamba wadogo, wadogo kama punje za chumvi. Ua linafunga vidole vyake hivi, polepole, linameza." Akanionyesha kwa mkono wake. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Labda na mimi ningeweza kuwa na tangi."

Nurettin alikuwa bado mlangoni. Akalisikia. Juma hilo hilo chama kizima kikainuka.

Wakaja kupanga vifaa mezani kwangu. Nilioka keki ya plamu, ile ya sinia nzima, na nikapiga krimu bakuli mbili, kwa sababu Roswitha alikuwa anakuja. Roswitha ni dereva wa tramu, ana sauti ya kutangaza vituo, na katika chama hakuna anayemzidi kwa kuzijua pampu.

"Lita mia tano," alisema kabla hajakaa. "Alwin hatumpi kikopo."

Basi wakapanga. Tangi lenyewe lilikuwepo, mwanachama mmoja alikuwa anahama na alilitoa bure. Meza ya chuma ya kulibeba ingechomelewa na mzee mwingine wa chama. Pampu mbili za kusukuma mkondo, moja kila upande, ili maji yagongane kama baharini. Hita mbili, moja ikifa nyingine ibaki. Taa za kuning'inizwa darini kwa minyororo. Mawe hai, yale yenye vijidudu vinavyosafisha maji, kila mwanachama angetoa mawili matatu kutoka kwake. Na chini, kwenye chumba cha chini ya nyumba, tangi la pili la kuchujia, pamoja na chombo cha kuengua povu, kile kinachotoa uchafu majini, kirefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Bomba lingepenya sakafu ya sebule yangu.

"Sakafu yangu?" niliuliza.

"Katundu tu, shemeji," Nurettin akasema. "Hata panya hapiti."

"Na maji yatabadilishwa na nani?"

"Mimi. Kila Jumamosi naleta ndoo zangu. Wewe utachemsha kahawa tu."

"Na kile chombo cha povu atashuka nani kukiosha?"

"Mimi," alisema Roswitha, mdomo umejaa keki. "Nikitoka zamu napita hapa. Mama, umebakiza krimu?"

Nilimwangalia Alwin. Ngazi zile za kushuka chini hakuwa amezikanyaga tangu majira ya baridi yaliyopita. "Asanteni," alikuwa anasema. "Asanteni sana, jamani." Alisema kama mtu anavyomwambia muuguzi anayemfunika shuka.

Kesho yake nilikuwa kwenye stoo natafuta viazi, mlango umeachwa wazi kidogo. Alwin hakujua kama nipo. Alijaza ndoo nusu pale bombani, akaibeba kuelekea dirisha la sebule. Alifika kwenye kiti, akaiweka chini, akashika mgongo wa kiti, kifua kinapiga mluzi. Akarudi, akamwaga kidogo, akajaribu tena. Akakomea pale pale. Mwisho akachukua kopo langu la maziwa, lile la bati lenye rangi ya buluu, akalijaza maji, akaenda nalo mpaka dirishani na kurudi bila kusimama. Akalitazama kopo lile na kutabasamu. Kisha akatafuta kitambaa, akakausha sakafu vizuri, mpaka pembeni, nisije nikajua.

Nilikaa na viazi vyangu mpaka alipomaliza.

Utaniuliza, kwa nini sikugonga ukuta nikamwambia Nurettin siku hiyo hiyo? Kwa sababu Alwin alikuwa amesemewa vya kutosha. Madaktari walimsemea, ofisi ya mafao ilimsemea, na mimi nilimsemea mara nyingi kuliko wote. Hili nilitaka limtoke mwenyewe. Nilimchokoza tu kidogo wakati namenya.

"Alwin, tangi lile umelipenda?"

"Watu wamejitolea, Friedel."

"Sikuuliza habari za watu."

"Nurettin ataumia," akasema.

Na Nurettin naye, jioni ile tukianua nguo kila mtu upande wake wa ua, akaniambia, "Shemeji, yule alinitoa kwenye kifusi mgodini, amenibeba mgongoni. Nisipomfanyia hili, nimfanyie lipi?" Basi nikawa katikati ya shukrani mbili zilizokutana mlangoni, kila moja inaipisha nyingine, na hakuna inayopita.

Jumamosi wakaja na gari la mizigo. Watu sita walilibeba tangi mpaka kizingitini, likakwama. Wakaligeuza kwa ubavu, likakwama. Wakalisimamisha, likapiga taa ya mlangoni.

"Ng'oa dirisha!" Roswitha alipaza sauti, na nadhani walimsikia mpaka kituo cha reli.

"Ng'oa ukuta kabisa," mmoja akasema. "Nurettin yuko upande wa pili, atalipokea."

Wakacheka, na mimi nilicheka, maana ni watu wa raha. Wakaliweka kwenye majani na kwenda kupima dirisha. Nurettin akaingia sebuleni, akaburuta kiti cha Alwin mpaka mahali tangi litakapotazamana nacho, akakipangusa kwa mkono.

"Hapa, kaka. Kaa nikuone. Wewe ni mfalme. Kazi yako kutazama. Huinuki, hugusi, hata ndoo huioni."

Alwin hakukaa. Alishika kabati kwa mkono mmoja.

"Nurettin," akasema, "lirudisheni."

"Tulirudishe wapi? Dirisha linatoka dakika kumi tu."

"Si dirisha." Alivuta pumzi, akangoja imfikie. "Sitaki kutazama."

Nurettin uso ulimshuka. "Nimekukosea, kaka?"

"Hujanikosea. Umenipenda kupita kiasi. Mimi nilikufundisha kuinama, sikukufundisha kunibeba." Akamshika begani. "Na chama chote nakishukuru. Sijui watu wengine wanazeekaje bila ninyi. Lakini kule chini kwenye pampu zenu siwezi kufika. Ndoo zenu siziwezi. Lingekuwa tangi lenu ndani ya nyumba yangu."

Nurettin alimtazama, halafu akanitazama mimi. Niliinamisha kichwa kidogo tu. Akafuta macho kwa mkono wa shati, akakaa yeye kwenye kiti kile cha mfalme.

"Sasa unataka nini, mzee mkaidi wewe? Sema, tukusikie."

"Dogo," Alwin alisema. Akaonyesha kwa mikono miwili, upana wa kabati lile lile alilolishika. "La hapa juu."

Roswitha alikuwa ameingia na futi yake ya kupimia. Akapima kabati papo hapo, akagonga mbao kusikia kama ni imara. "Lita sitini," akasema. "Basi vifaa vinapungua. Pampu moja ndogo, hita moja, taa ya kubana ukingoni. Chombo cha povu hukihitaji, utabadilisha maji kidogo kidogo. Mawe machache, matumbawe laini, yale ya kupepea. Lakini nisikudanganye, Alwin. Dogo ndilo gumu. Tangi kubwa linasamehe. Dogo halisamehe."

"Kwa nini?"

"Maji yanakauka, chumvi inabaki inazidi. Itabidi uongeze maji matamu, yasiyo na chumvi, kila asubuhi, kopo moja hivi, na upime chumvi. Jumapili, Krismasi, theluji, unaumwa mgongo, hakuna udhuru. Hakuna atakayekufanyia, maana sisi saa hizo tuko kazini au tumelala."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Fikiria vizuri, mzee. Ni utumwa."

Alwin aliachia kabati, akasimama wima, na kwa mara ya kwanza tangu vile vikapu vitoke mlangoni nikaiona shingo yake imenyooka.

"Hicho ndicho ninachotaka, Roswitha," akasema. "Nataka kitu cha kunihitaji kabla ya kahawa."