Muhula wa Kumtazama Mtu

Mwalimu wa udereva alikuwa mtu wa kusema analolifikiri, hasa likiwa halijaombwa. Mpwa wake alipochaguliwa kuingia chuo cha maigizo, kile kile ambacho vijana hujaribu usaili wake mwaka hadi mwaka na kurudi na macho mekundu, alitoa maoni yake mezani huku akimenya chungwa. Alisema hajapata kuona watu wazima wakifundishwa kulia. Kwao walizaliwa wengi na wote walilia vizuri bila mkufunzi. Dada yake, mama wa binti huyo, alikuwa kwenye simu akiyasikia yote. Akamwambia asiyamalize maneno, maana mtoto anakuja kukaa kwake. Chuo kilikuwa mtaa wa pili tu kutoka nyumbani.

Binti akaja na sanduku moja na pumzi nyingi. Kila asubuhi mjomba alimkuta amelala chali sebuleni, kitabu kizito juu ya tumbo, kinapanda na kushuka. Muhula wa kwanza, binti alieleza, mtu hujifunza upya kupumua, kusimama na kutembea. Mjomba akamuuliza kama mjini alikuja akitambaa. Mke wake akamwambia amwache mtoto, naye mwenyewe akawa anamruka binti kila alipokwenda kufungua mapazia. Bafuni nako zilitoka sauti za ulimi na midomo, mpaka jirani akauliza kwa adabu kama siku hizi wanafuga bata.

Ndani ya gari la mafunzo, mbali na masikio ya nyumbani, habari zilikuwa nyingine. Hapakuwa na mwanafunzi wa udereva asiyejua kwamba Mwalimu ana mpwa katika chuo kile. Wakingoja taa zibadilike, alikuwa akishusha pumzi kama mtu mwenye mzigo na kusema, "Huyu mtoto anatuchosha kweli," kisha akanyamaza, akingoja waulize mtoto gani, na amefanya nini.

Muhula wa pili binti akaja na jambo jipya. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua mtu mmoja anayemwona kila siku, amtazame muhula mzima, na siku ya mtihani apande jukwaani awe mtu huyo. Ilikuwa marufuku kumwambia mwenyewe, kwa sababu mtu akijua anatazamwa huanza kujipamba.

Mjomba hakuhitaji kuambiwa ni nani. Nani mwingine zaidi ya mke wake? Mwanamke anayeongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya mto, anayefunga friji kwa nyonga, anayesema "mimi sina neno" na baada ya hapo maneno yakamiminika hadi chakula cha jioni. Akaona aibu kumwacha mtoto ahangaike peke yake. Kila mke wake alipotoka chumbani, alimsogelea binti akamnong'oneza: je, ameona anavyoshika kikombe? Amesikia anavyokohoa kabla ya kulaumu? Wakati mwingine alisimama katikati ya sebule akamwonyesha. Binti alimsikiliza kwa makini mno, hakupepesa macho. Mjomba akajisemea kwamba huko ndiko kipaji kilikotoka, upande wa mama.

Binti akaomba pia awe anakaa kiti cha nyuma cha gari la mafunzo siku asizokuwa na vipindi, auone mji. Mjomba hakuona ubaya. Akikaa nyuma alikuwa kimya, na mara nyingine alisinzia, mjomba akamsahau kabisa.

Siku ya mtihani familia zilialikwa. Mjomba alivaa suti, na njiani akampa mke wake nasaha. Huenda huko akaona mambo ya kumkera, lakini asije akanuna mbele za watu. "Sanaa ni sanaa," alimwambia. Mke akaitikia kwamba amesikia, akaangalia dirishani. Mabega yake yalitikisika kidogo, mjomba akadhani ni matuta ya barabara.

Ukumbi ulikuwa mdogo, kuta zake zimepakwa rangi nyeusi, viti vimebanana. Kijana wa kwanza alikuwa mlinzi wa benki anayepigana na usingizi. Wa pili alikuwa mama mwenye nyumba anayekagua bomba. Watu walicheka, mjomba akacheka kwa kipimo, kama mtu mwenye ndugu katika fani.

Kisha binti akaingia. Hakuvaa gauni wala kilemba. Alivaa suruali ya kitambaa na shati la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Akaketi kwenye kiti, pembeni yake kiti kitupu kana kwamba dereva ameketi hapo, akatazama mbele.

Alikaa hivyo kwa muda, bila kufanya chochote ila kutazama barabara isiyokuwepo. Halafu mguu wake wa kulia ukabonyeza sakafu. Kidogo tu. Ukabonyeza tena. "Taratibu," akasema kwa sauti nene, yenye subira ya mtu aliyeishiwa subira. "Hakuna anayekukimbiza." Mguu ukakanyaga kwa nguvu, mwili mzima ukaenda mbele, mkono ukadaka kalamu zisianguke. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Simu ikalia mfukoni mwa shati. Ilikuwa ni mke anayepiga, na mume akamsikiliza, na kadiri mke alivyozidisha maneno ndivyo mguu ulivyozidi kukanyaga breki. Mjomba alicheka kuliko wote. Alimwinamia mke wake, machozi yakimtoka.

"Huyu bwana ni nani?"

"Tulia, utamjua."

Jukwaani yule bwana akatoa kitambaa mfukoni, akakikunja pembe kwa pembe, akajifuta paji la uso kwa kukigandamiza polepole, kama anayepiga muhuri. Mjomba naye alikuwa akijifuta machozi ya kicheko. Mkono wake ukasimama kwenye paji la uso. Akakitazama kitambaa chake, kilivyokunjwa. Akatazama chini, akaona mguu wake wa kulia umekanyaga sakafu hadi kisigino kimeinuka.

"Sanaa ni sanaa," mke wake akamnong'oneza.

Angeondoka, lakini viti vilibanana. Akalazimika kubaki, na ndiyo maana akaona kilichofuata. Mwanafunzi asiyeonekana aliteremka garini, mlango ukafungwa. Yule bwana alibaki peke yake. Akakaa. Akakigeukia kiti kitupu, akakohoa, akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, "Leo umejitahidi, mama. Kile kipande cha mlimani umekiweza." Akatikisa kichwa, hakuridhika. Akarudia, safari hii kwa upole zaidi. "Umeendesha vizuri. Najua unaogopa. Mimi mwenyewe niliogopa." Halafu mlango ukafunguliwa, mwanafunzi mwingine akaingia, na sauti nene ikarudi: "Mkanda. Kioo. Twende."

Ukumbi haukucheka tena. Mke wa mjomba aligeuka akamtazama mumewe pole pole, kama mtu aliyekuta chumba asichokijua ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Walipotoka, mjomba alisimama nje ya ukumbi asijue mikono aiweke wapi. Wanafunzi wa chuo walimpisha njia huku wakimtazama kwa heshima, na mkuu wa chuo, mama mfupi mwenye miwani mikubwa, akampa mkono, akamshukuru, na macho yakamponyoka kidogo kuelekea mguuni. Binti akaja, bado amevaa lile shati. Hapo ndipo mjomba alipotambua kwamba ni lake.

"Kwa nini hukumchukua Anti yako?" akamuuliza.

"Anti ni rahisi, Mjomba. Kilichomo moyoni kiko mdomoni. Wewe ilibidi nikusubiri."

Mjomba akafikiri sana. Mwishowe akasema kwamba pale kwenye kona alichelewa kukanyaga breki. Kwa mwendo ule wangekuwa ukutani. Binti akakubali kosa. Wakaenda nyumbani, na mke hakusema neno njia nzima, jambo lililomtisha mume kuliko mtihani wenyewe.

Kesho yake alikuwa na muuza maua, mama ambaye jaribio la leseni lilikuwa limemwangusha mara nyingi mpaka wakaguzi wakamzoea. Akapandisha mlima, gari likazimika, akaliwasha tena, akafika juu. Mjomba akakohoa. Akayasema maneno yale yale, safari hii kiti kikiwa na mtu. Muuza maua akasogeza gari pembeni, akavuta breki ya mkono, akamtazama kwa wasiwasi.

"Mwalimu, niambie ukweli. Umenikatia tamaa?"

Ikabidi amhakikishie, kisha amhakikishie tena, na bado yule mama alimaliza somo akimwangalia kwa pembe ya jicho.

Nyumbani jioni mjomba aliketi na gazeti, akalishika vizuri, akakunja mguu kwa namna ya kupendeza. Baada ya kurasa kadhaa aliinua macho. Binti alikuwa anakula karanga akitazama ukuta.

"Hunitazami tena?"

"Ule muhula umekwisha, Mjomba. Unaokuja ni wa wanyama."

Mjomba akajihisi kama mtu aliyestaafishwa bila hotuba. Akageuza ukurasa, akaurudisha. Akasema, bila kumlenga mtu, kwamba utotoni watu walikuwa wakimwambia ana mwendo wa simba. Jikoni, mke wake alikohoa.