Puleki Zilizoota Mkononi

Wakati wa chai, fundi alikunja mkono wa blauzi yake akakuta puleki zimemwota kuanzia kiwiko hadi kifundo, nyeupe za kung'aa, zimejipanga vizuri kuliko alivyowahi kuzipanga yeye kwenye gauni lolote. Akaibandua moja. Ikatoka na damu kidogo. Akaushusha mkono wa blauzi akamalizia chai, maana ikipoa hainyweki.

Mkata vitambaa, mzee mwenye maneno yake, alipoonyeshwa alizitazama kwa miwani akasema hashangai. Neno lenyewe puleki, alieleza, lilikuja na wauza vitambaa kutoka mbali, na huko kwao lilikuwa jina la gamba la samaki, na la sarafu ndogo vilevile.

"Sisi gamba limetufikia," alisema. "Sarafu imebaki njiani."

Mafundi wakacheka. Mwenye mkono naye akacheka, ingawa roho ilimuuma.

Bosi alileta kibanio cha nyusi na bakuli. Tangu siku hiyo duka halikununua puleki tena, na wateja walisifu kwamba za sasa hazipauki. Fundi aliuvumilia uchungu kwa sababu moja tu: akishachumwa, mkono ulikuwa laini jioni nzima, akaweza kumbeba mjukuu wake bila kumchuna. Asubuhi zilikuwa zimeota upya.

Ikaja oda ya gauni la harusi, linalotaka puleki kubwa. Bosi akampapasa mkono kama mtu anayechagua nyanya.

"Hizi tuziache zikomae, dada. Mpaka harusi ipite."

"Na mjukuu wangu nitambeba vipi?"

"Si yupo tu? Haendi popote."

Watu husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Pale dukani usemi huo uliishia katikati. Fundi akachukua sindano akaendelea na pindo.

Alipofika nyumbani, jua la jioni lilikuwa dirishani. Likampiga mkononi, na ukuta mzima ukajaa vidoa vya mwanga. Mjukuu akacheka, akavitambalia, akavipiga kofi kimoja kimoja. Kisha akavichoka. Akamgeukia bibi yake, akanyoosha mikono abebwe.

"Mama, utamkwaruza," binti yake alisema taratibu.

Bibi akasogeza kiti nyuma. Mtoto akamfuata. Akasogeza tena, mpaka kiti kikagota ukutani, naye akaificha mikono mgongoni. Mtoto akafika, akajishikilia kwenye goti lake, akasimama, akangoja.