Jina la Kumpa Atieno

Lile koti nililivaa ili kuchekesha watu. Niliwachekesha wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye niliyepaswa kumwangalia kwanza.

Tulikuwa tumefungua belo la mitumba barazani kwa Mama Atieno, pale Igogo, ambako nyumba zimekaa juu ya mawe kama mbuzi. Mwaka ulikuwa tisini na tatu. Kila mwenye mshahara alikuwa anatafuta kitu cha kuuza, na mimi, mwalimu wa sayansi kimu, nilikuwa nimeacha stashahada yangu ukutani ijitazame yenyewe, nikawa nauza nguo soko la Mlango Mmoja kila nikimaliza vipindi. Hewa ilinuka mapanki yanayokaangwa bondeni. Minofu ya sangara ilikuwa inapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tulibaki na vichwa na mifupa, tunakula na tunashukuru. Nikachimba kwenye belo. Nikatoa gauni, nikatoa suruali ya mtu mwenye miguu ya korongo, halafu likatoka koti la kijani la jeshi, zito, lenye mifuko kifuani na vikanda vya mabegani.

"Mwalimu Odeta, rudisha hilo," akasema Kashindye, jirani yetu mpika maandazi. "Ukikamatwa nalo utaenda kueleza."

"Wataanza kwanza kunitoa ndani yake," nikasema, maana halikufunga tumboni.

Nikavaa na sufuria kichwani. Nikapiga kwata kuzunguka rundo la nguo, magoti juu, sauti nzito mpaka kuku wakakimbia: "Kuruta! Mguu sawa! Unaangalia nini, nimefanana na mama yako?"

Watoto wa jirani walijigaragaza. Wapita njia walisimama. Hata Kashindye alicheka, mkono mdomoni. Nikageuka nyuma kwa kishindo, na hapo nikakutana uso kwa uso na Mama Atieno.

Truphosa ndilo jina lake, Mjaluo wa Shirati, mama mwenye mabega, anayefukuza vibaka sokoni kwa ndara moja. Alikuwa ameinuka. Mikono imebana mapajani, vidole vimenyooka, kidevu juu, macho yanatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alikuwa amesimama mguu sawa. Na maji yalikuwa yanamtiririka miguuni, yanalowesha lile gauni la mtumba lililokuwa chini yake.

Kabla sijavuta pumzi, Kashindye alipiga teke beseni la maji ya kufulia. Likapinduka lote barazani, likalowesha nguo, miguu, kila kitu.

"Jamani, nimemwaga!" akapiga kelele. "Nyie watoto, ondokeni hapa, mtateleza! Mama Atieno, pole, nimekulowesha. Njoo ndani ubadilishe."

Akamshika mkono, wakaingia. Nilibaki na sufuria kichwani. Mimi ni mtu wa kuona haraka, ndiyo kazi ya mwalimu, na nilichoona ni hiki: mtu hapindui beseni upesi hivyo kama hajui anachokificha.

Kesho yake mchana nilikwenda kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa mzaha wa kuanzia, ila nilipomkuta amekaa peke yake na shati mapajani, anatafuta tundu la sindano, mzaha uliniisha. Nikakaa chini.

"Mama Atieno, nisamehe. Na mimi nilipita kambi ya jeshi, baada ya chuo. Kulikuwa na mkubwa wa stoo ya mablanketi."

Hakuinua uso. "Endelea."

"Niligundua kwamba nikimchekesha, siku nyingine ananiacha. Basi nikajifunza kuchekesha."

Hilo sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu, ambaye alinipenda kwa sababu ya vichekesho. Kule nyumbani Nansio, ndugu zangu hudhani nilizaliwa hivi.

Truphosa alipitisha uzi. Alishona kifungo kizima. Halafu akauliza, "Wewe unalala taa ikiwaka?"

"Inawaka mpaka asubuhi."

"Mimi nilidhani ni mimi tu."

"Kumbe sisi ndio tuliopandisha bei ya mafuta ya taa mjini."

Akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini kilikuwa chake.

Jumamosi iliyofuata Kashindye alikuja na sindano yake mwenyewe. Hakuna aliyemwalika. Aliweka sahani ya maandazi katikati, akachukua shati lililokosa vifungo, akasema, kana kwamba tulikuwa tumefikia hapo kwenye maongezi, "Mimi nilijitolea jeshini nilipomaliza la saba. Nilitaka ajira." Akaendelea mpaka mwisho, macho kwenye uzi. Alipomaliza, alikata uzi kwa meno, na Truphosa akamsogezea shati lingine.

Ndivyo tulivyoanza. Hatukuwa na katiba wala mwenyekiti, ingawa siku hizo hata wacheza bao walikuwa wanasajili chama. Mashati ya mitumba hufika yamekatika vifungo, na kifungo ni kazi nzuri: inakutaka uangalie chini. Mtu akitetemeka, unasema sindano imemchoma. Akinyamaza, anashona. Hakuna aliyesema "sahau" au "mwachie Mungu". Maneno hayo tulikuwa tumeshapewa mengi misibani, bure. Tuliulizana mambo madogo. Unavumilia harufu ya jiki? Mwanamume akija nyuma yako kwenye foleni unafanyaje? Na kila mara mmoja alijibu, "Hata mimi," na yule aliyeuliza akashusha mabega.

Halafu majina ya waliomaliza kidato cha sita yakatoka, na Atieno alikuwa ameitwa jeshini kwa mujibu wa sheria.

Alikuwa binti mrefu, mcheshi, ametaka uhandisi tangu alipofungua redio ya baba yake ikashindwa kufungika. Bila ule mwaka wa kambi hakuna chuo kikuu, na hilo kila mtu alilijua. Siku hiyo mama yake alishona kifungo kimoja, akakifumua, akakishona tena.

"Nikimwambia, ataenda na woga," akasema. "Nisipomwambia, yakimkuta atajua nilijua."

"Wengine wengi wamerudi salama," nikasema. "Wanaimba zile nyimbo mpaka leo."

"Wewe huimbi?" akaniuliza.

Naimba, tena vizuri.

Kashindye akasema, "Mimi mama yangu angeniambia, ningejua pa kukimbilia."

"Palikuwepo?" akauliza Truphosa.

Kashindye akavuta uzi. "Angalau ningejua kwamba siyo mimi niliyekosea."

Truphosa akaweka shati chini. "Basi mkae na mimi. Peke yangu sitaweza."

Tulikaa naye. Ilikuwa alasiri, ziwa limetulia chini ya mawe, magugu maji yamesogea pembeni na kivuko cha Nansio kinaingia taratibu. Atieno alitusalimia, "Shikamooni," tukaitikia kwa sauti moja kama darasa. Mama yake akampa sindano amtungie uzi, kwa kuwa macho yake ni ya kijana. Nilifungua mdomo nitie mzaha kidogo, nilegeze hewa. Truphosa akaniwekea mkono gotini. Nikaufunga.

Alisema kwa Kiswahili, siyo Kijaluo. Baadaye aliniambia kwa Kijaluo angelia. Alisema alivyokuwa na umri wa Atieno, alivyoitwa kupeleka chai, mlango ulivyofungwa. Hakupamba. Kashindye akaongeza lake, nami nikaongeza langu, bila kichekesho hata kimoja, na lilikuwa fupi ajabu. Kisha tukampa tulichokuwa nacho: usiende kisimani peke yako, tafuta mwenzio siku ya kwanza, ukiitwa mahali itikia mkiwa wawili. Na likitokea, njoo hapa. Utakuta mashati.

Atieno hakulia. Alikuwa bado ameshika sindano yenye uzi, mkono umebaki hewani.

"Mlimwambia nani?" akauliza.

"Wewe," akasema mama yake.

Binti akachoma sindano kwenye shati, polepole, isije ikapotea. Akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayejiandaa kukariri.

"Basi nitajieni jina lake. Nimjue nikifika."

Tulikuwa wanawake watatu, tumetoka kambi tatu, kila mmoja na mwaka wake na mtu wake. Truphosa alinitazama. Mimi nikamtazama Kashindye.

"Mama, naomba," akasema Atieno. "Jina moja tu."