Mahali Peupe pa Maganga

Mimi ni mchora mabango hapa Nyasubi, na watu wanajua hasira zangu ziko karibu. Ukiniambia herufi zangu zimepinda, nakupa brashi uzinyooshe mwenyewe. Lakini baba yangu, Maganga, aliponijia na mashuka meupe aliyoyaunganisha kwa sindano yake, nilitulia.

"Mayu," akaniita, yaani mama, kama anavyoniita akiwa na shida. "Mwaka huu watu wakinikimbia tena, natundika jembe."

Ngoma zetu ndivyo zilivyo. Baada ya mavuno, vyama viwili vya wachezaji vinashindana, Bagika huku, Bagalu kule, uwanja mmoja, wakati mmoja. Jaji hakuna. Watu wanakimbilia wanakopendezwa, na upande uliobaki mtupu umeshindwa. Baba anaongoza wacheza majembe wa Bagika. Donatus wa Bagalu ana chatu. Haya, shindana na chatu! Mwaka jana baba alibaki akirusha jembe mbele ya mbuzi wa watu.

Alitaka picha kubwa ya kusimamisha nyuma ya wachezaji, ivute macho. Basi nikajaza kila kitu: ng'ombe, fisi, majembe, karasha za kusaga mawe ya dhahabu, hata milima ya mawe. Nikaitundika nje ya kibanda changu, baba akajaribu kucheza mbele yake. Watu walisimama, naam. Wakatazama fisi, wakatazama ng'ombe, wakaenda zao. Baba hakuna aliyemwona.

"Umenishindanisha na shuka," akasema.

Iliniuma! Nikamjibu vibaya, kwamba si ndicho alichotaka? Akaondoka bila kuaga.

Zuhura, muuza chai jirani yangu, alikuwa anacheka. "Shoga, macho yangu yamechoka. Hayajui yakae wapi."

Nilitaka kumtukana, lakini neno lile likanikaa kichwani. Yakae wapi? Kumbe macho nayo yanatafuta kiti! Tangu hapo nikawa kama mwendawazimu, nawatazama watu wanavyotazama. Akisimama mtu, nafuata macho yake. Yanashika mpini wa jembe, yanateleza nao mpaka mwisho, yanarukia mpini mwingine. Mpini ukielekea nje ya shuka, macho yanatoka nje, na mwenye macho anaondoka. Jamani, mistari yangu mwenyewe ilikuwa inawafukuza watu.

Nikapaka nyeupe juu ya yote, nikaanza upya. Fisi nilimfuta kwa uchungu, maana alikuwa mzuri. Safari hii majembe tu, safu kwa safu, yakipanda na kushuka kama baba anavyocheza: mawili karibu karibu, halafu nafasi, mawili, halafu nafasi. Pa, pa, kimya. Mipini yote nikaielekeza katikati. Hapo katikati nikakwama. Kila nilichofikiria kuchora kilikuwa kinamkalia baba mahali pake. Nikapaacha peupe, kimo cha mtu.

"Hujamaliza," Zuhura akasema.

"Mbona unapatazama hapohapo tu?"

Akaendelea kupatazama. Nilifurahi siku nzima.

Siku ya ngoma, baba alipoiona picha alikunja uso. "Pana tundu."

"Tundu ni lako. Simama mbele yake, usitoke."

Alitaka kubisha, lakini wapiga ngoma walishaanza. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya watu, likitupiga usoni. Upande wa pili Donatus akamtoa chatu sandukuni, kelele zikapanda, na watu wetu wakaanza kutukimbia. Baba akarusha jembe, akalidaka, akaangaza mbele yake. Nikaona mabega yake yanashuka. Mungu wangu, nilidhani ndiyo basi.

Halafu akafanya kosa ambalo kiongozi wa ngoma halifanyi kamwe: akawapa watu mgongo.

"Baba, geuka!" nikapiga kelele.

Hakugeuka. Alikuwa anatazama shuka. Pale peupe palikuwa na mtu: kivuli chake mwenyewe, jembe juu, mipini yote inamwelekea. Sikupanga hilo, sitawadanganya. Baba akainua jembe, kivuli kikainua. Akarusha, kivuli kikarusha. Ngoma zikaitika, pa, pa, na kwenye kile kimya wote wawili wakaganda.

Mama mmoja aliyekuwa anakimbilia chatu akasimama. Aliyemfuata akamgonga mgongoni, akageuka kuona anatazama nini. Wakageuka wengine, kisha wengi, na vumbi lao likanifikia kabla yao. Niliyafuata macho yao kama nilivyozoea. Yote yalikuwa yamekaa mahali pamoja. Nikalia hadharani, mimi ninayejulikana kwa matusi.

Donatus mwenyewe alikuja, chatu shingoni, akasimama nyuma ya watu kutazama.

Ngoma ilipokwisha baba alinijia anahema, jasho linamtiririka, jembe begani.

"Mayu," akasema, "pale peupe usije ukapachora kitu. Mwakani nasimama palepale."