Herufi Thelathini na Mbili

Jumanne saa kumi jioni, ghorofani Kyebando, juu ya duka la magodoro, Sylvanus Oloo alikuwa akiamua muuza omena ana vitu vingapi. Mchezo wao ulikuwa wa sokoni, wa kuchezwa kwa simu, na kila mtu wa mchezoni alipaswa kupita mtandaoni kutoka simu hadi simu akiwa ameandikwa kwa ufupi. Mahali: namba mbili nzima, zisizo na nukta. Njaa: ndiyo au hapana. Maneno: herufi thelathini na mbili, basi.

"Mbona kidogo hivyo?" aliuliza Shamim, aliyeshughulikia seva.

"Tunaokoa bando za watu."

Ilikuwa sababu nzuri, ya kitaalamu. Kwenye jina aliandika Loice, jina la mama yake, aliyeuza omena Makindye miaka ishirini na kuzikwa Machi iliyopita. Hakuwaza sana. Watu wa kazi hiyo huandika jina lolote lililo karibu na vidole.

Mchezo ulipoingia kwenye simu za watu, siku ya pili yake, saa kumi na moja jioni, Loice alifika ofisini na beseni lake. Alikuwa mlangoni, kisha akawa kando ya kiti, kisha akawa kitini, bila kupita katikati, kwa sababu mahali pake palikuwa namba nzima. Shamim aliinua macho.

"Mama yako amekuja, ssebo. Iko na njaa?"

Oloo alitazama skrini. "Ndiyo."

Shamim, ambaye kwao mgeni haachwi mdomo mkavu, alileta chai na chapati. Loice alikula nusu, njaa ikawa hapana papo hapo, nusu nyingine akaisukuma pembeni. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Oloo, siku ile nilipokupigia sim"

Akakatikia hapo, mdomo wazi kidogo. Saa kumi na mbili hakuwepo. Kesho yake alirudi, akasema hayo hayo, akakatikia hapo hapo.

Oloo aliijua siku hiyo. Mama alikuwa amepiga kutoka hospitalini, yeye yuko kikaoni. "Mama, fupisha," alimwambia, kama alivyomwambia kila alipopiga, maana Loice alipenda kuanzia mbali, kwa majirani na mvua. Mama akasema basi, nitapiga kesho. Hiyo kesho alipiga muuguzi.

"Banange, si uongeze tu hizo herufi," alisema Shamim.

Kuongeza si mchezo. Kila simu ilipaswa kupokea toleo jipya, la sivyo zile za zamani zingesoma maneno kama mahali, na wauza omena wangeishia juu ya paa. Oloo alifanya kazi wiki tatu. Kila jioni mama alikuja, akala nusu chapati, akakatika, na mwanawe akaumia upya.

Alhamisi moja herufi zikawa mia mbili hamsini na tano. Oloo alizima simu, akafunga kompyuta, akavuta kiti karibu.

"Mama, sema. Anzia mbali. Leo niko na muda."

Loice alimtazama kwa upole, kama mtu asiyetaka kusumbua.

"Si kitu, baba. Endelea na kazi."

Oloo alizihesabu herufi zake, pamoja na nafasi na nukta. Ni mazoea ya kazi. Zilikuwa thelathini na moja.

Alimsihi. Akamsihi tena siku iliyofuata, na jibu likawa lile lile. Loice alikuwa amefundishwa kufupisha kwa miaka mingi, na aliyemfundisha alikuwa ameketi mbele yake akilia.

Mpaka leo anakuja. Shamim huweka chai kabla ya saa kumi na moja, wateja wa magodoro humsalimia Loice ngazini. Mkubwa wa kampuni ameshauri mara mbili sehemu ya maneno ipunguzwe, kwa kuwa nafasi mia mbili ishirini na nne hukaa tupu. Oloo humwambia asubiri kidogo.