Nailoni Chini ya Feni

Wafanyakazi walimwita kisirisiri Bwana Mara Mbili. Kila prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iliyotoka kwenye kampuni yao, kwa kinywa chake, ilikuwa na kasi mara mbili ya ile ya wapinzani. Alikuwa mkuu wa masoko, tena shemeji wa fundi mpimaji, maana alimwoa dada yake mkubwa. Fundi alizoea kumsikiliza kwa sikio moja. Lakini safari hii alimwamini, kwa sababu vipimo alivifanya yeye mwenyewe. Prosesa mpya, ambayo ingeingia madukani mwezi ujao, iliiacha ya wapinzani mbali kabisa, na alasiri hiyo alitakiwa kupanda jukwaani awaambie wageni hivyo.

Asubuhi alikuwa maabara akizipangusa vumbi zile kompyuta mbili za maonyesho, moja yenye prosesa yao na nyingine ya wapinzani, zote zikiwa kazini. Ile ya wapinzani feni yake ilipiga kelele utadhani inataka kuruka, lakini hewa iliyotoka nyuma ilikuwa baridi. Sasa joto lilikuwa linakwenda wapi?

Akaizima, akafungua skrubu, akang'oa kipoozeo, kile kipande cha chuma kinachokaa chini ya feni kuinyonya prosesa joto. Nailoni ilikuwa bado imebandikwa chini yake, ile nyembamba ambayo fundi huibandua kabla ya kufunga chochote. Hakuna fundi ambaye hajawahi kuisahau, akachekwa wiki nzima. Ila hii haikusahauliwa. Alama ya kidole gumba ilikuwa upande wa ndani, kati ya nailoni na chuma. Mtu aliibandua, kisha akairudisha. Prosesa ya watu ilikuwa inachemka, na prosesa ikichemka hujipunguzia mwendo isije ikaungua.

Kinyaa kikampanda. Aliibandua kwa ncha za kucha kama anatoa kitu kwenye sinki lililoziba, akafunga upya, akawasha kipimo. Zikaenda bega kwa bega, kisha ya wapinzani ikatangulia kidogo. Kidogo tu! Na ya kwao ilikula umeme mdogo zaidi. Ilikuwa prosesa nzuri, jamani, ya kujivunia bila kumchezea mtu rafu.

"Nani kakwambia ufungue?" Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na suti yake.

"Nani alibandika?"

"Shemeji, usinianze leo. Hao wenzetu unadhani malaika?"

"Mimi sijauliza habari zao. Nimeuliza nani alibandika."

"Tuyamalize kifamilia. Hata dada yako atakwambia hivyo hivyo."

"Usimwingize dada kwenye uchafu wako. Sipandi jukwaani."

Shemeji hakugombana. Aliiokota ile nailoni mezani, akaipuliza, akaifuta kwa leso, akang'oa kipoozeo na kuibandika tena, akiilaza taratibu kwa kidole gumba kama anayemfunga mtoto kidonda. Ule upole ndio uliomtia fundi kichefuchefu kuliko uongo wenyewe.

"Usipande basi," alisema Shemeji. "Hata hivyo utakuwepo."

Fundi hakumwelewa. Alasiri alikwenda ukumbini, akakaa nyuma, amwone huyo atakayedanganya badala yake. Taa zikapunguzwa, na kwenye skrini kubwa akatokea yeye. Wiki iliyopita walimrekodi wakati wa mazoezi ya hotuba, naye hakulitia maanani. Alikuwa anacheka, macho yanang'aa.

"Nimezipima kwa mikono yangu," alisema yule wa kwenye skrini. "Ni mara mbili."

Siku ile aliyasema kwa moyo mweupe, na ndiyo maana yalipendeza. Ukumbi ukapiga makofi.

Mama mmoja aliyekaa kando yake aligeuka. "Kumbe ni wewe! Mimi ni mwalimu mkuu. Hawa watu wa masoko siwaamini hata chembe. Lakini wewe, mwanangu, unaonekana unasema kweli. Shule yangu tunachukua hizi hizi." Akanyoosha mkono.

Fundi aliutazama ule mkono, akashindwa kuushika. Akasimama, kiti kikagonga nyuma, Shemeji akageuka kule mbele.

"Msimsikilize huyo!" fundi alipiga kelele, kidole kikielekea skrini, kwenye uso wake mwenyewe uliokuwa bado unacheka. "Mwongo huyo! Zimeni!"