Jina Lililobaki Jandoni

Kompyuta ya mradi pale Lindi ilikuwa na kiburi cha mgeni: mtu isiyemjua ilimwita "amepotea," basi. Ilikuwa miaka ile mitumba na redio za Dubai zilipofurika sokoni. Siku moja ikamwambia Restuta, mtunza takwimu wa utafiti wa dawa ya malaria, kwamba karibu wavulana wote wa kijiji cha Milola wamepotea.

Daktari Benjamini, mkuu wa utafiti, akapiga simu kutoka Dar. "Milola itoe kwenye hesabu. Takwimu zenye matundu hivyo hazitufai."

"Watoto hawa wamemeza dawa yetu, Daktari. Nikiwatoa, tutajuaje kama iliwafaa au iliwadhuru? Siwatoi mpaka nikawatafute."

Penye nia pana njia, wanasema; waliosema hawajapita njia ya Milola wakati wa masika. Alifika na tope hadi magotini. Uwanja wa zahanati ulijaa wavulana tele. Akafungua orodha ya kompyuta, akaita kwa sauti: "Likwata Alfani!" Kimya. Akaita mwingine. Vikazuka vicheko, na kijana mmoja akatema mate chini.

Mama mmoja akaja juu. "Mwanangu, unatutukania watoto? Hawa waliingia jandoni mwaka jana. Majina ya utotoni wameyaacha huko huko!"

Restuta aliona aibu hadi masikioni. Alizaliwa Rasbura, mjini Lindi; kaka zake walitahiriwa hospitali, wakarudi na majina yao yale yale. Lakini aibu haikumrudisha Lindi.

"Basi simwiti mtu," alisema. "Leteni kadi tulizowapa. Namba haiingii jandoni."

Wakacheka, wakaenda majumbani. Kila mama alirudi na kadi, akampa mwanawe bila kutaja jina. Waliopotea wakapatikana, wakapimwa damu, wakaandikwa.

Mwishoni alibaki mwanamke mmoja, Biasha, na kadi yake. Hakuwa na mvulana kando yake.

"Likwata Alfani uliyemwita ni wangu," alisema. "Homa ilimchukua kabla ya jando."

Restuta akaipokea kadi kwa mikono miwili. "Pole, mama. Nisamehe, sitalitaja tena jina hilo."

"Litaje. Hakupata jingine. Ila usiandike amepotea. Mimi najua alipolala."

Restuta akafuta "amepotea" kwenye orodha, akaandika "amefariki." Kisha akasimama, akaita kwa sauti ile ile ya kwanza: "Likwata Alfani!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Biasha akaitika badala ya mwanawe, kama mwanamume anavyoitika:

"Naam."